Mawazo Yamenizidi: utafiti wa kimaelezo katika saikolojia, ukitazamwa kutoka Kigoma

Chukua sentensi ya mjane, ya aina inayosikika siku yoyote Ujiji au Mwanga, mitaa ya Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika: "Tangu nifiwe, mawazo yamenizidi, moyo hautulii." Maneno sita. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu yake kwa Kiingereza ataivusha sentensi hii ng'ambo, na huko itasomeka kwamba mume wake alikufa na tangu hapo yeye anafikiri kupita kiasi. Msimamizi ataona ni sawa, na mtahini pia.

Lakini irudie polepole. Katika Kiswahili, mwanamke huyu hajafanya lolote. Kufiwa kumemshukia. Mawazo ndiyo yenye nguvu, yeye ndiye aliyezidiwa. Moyo nao una hiari yake, haukubali kutulia. Ukiivusha, mume anakuwa mtendaji kwa kufa, na mjane anakuwa mtendaji kwa kufikiri, kana kwamba angetaka angeacha. Mchambuzi anayesoma tafsiri peke yake ataandika kuwa wajane wa Kigoma "wanashindwa kudhibiti fikra zao". Hakuna mjane aliyesema hivyo.

Hoja yangu ni moja na nitaizunguka mpaka mwisho. Utafiti wa kimaelezo katika saikolojia, yaani ule unaofanya kazi na maneno ya watu badala ya namba, hapa kwetu hauharibiwi na uchache wa watu waliohojiwa, ingawa hilo ndilo watahini hulikamata kwanza. Unaharibika njiani, kati ya kinasa sauti na jedwali la misimbo (lebo ambazo mtafiti hubandika kwenye vipande vya mahojiano), kwa sababu maneno yanahamishwa lugha kabla hayajasomwa. Dawa yake inajulikana na haihitaji mfadhili: chambua kwa lugha iliyosemwa, tafsiri mwishoni, tena tafsiri yale tu utakayonukuu.

Wanaodhani mbinu hizi ni mgeni aliyechelewa kwenye saikolojia wakumbuke kwamba Mjerumani Wilhelm Wundt, yule yule aliyefungua maabara ya saikolojia ya Leipzig mwaka 1879, alitumia miaka ya 1900 hadi 1920 kutoa juzuu 10 kuhusu lugha, visasili na mila, akisema wazi kwamba maabara haiwezi kuyafikia mambo hayo. Vitabu vya utangulizi hukumbuka maabara na kusahau juzuu. Na sisi wa huku tuna ukumbusho wetu jirani: Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, Jane Goodall alianza mwaka 1960 kujaza madaftari ya mambo aliyoyaona, akiwapa sokwe majina badala ya namba. Wasomi wa wakati ule walimkosoa kwa majina hayo. Leo madaftari yale ndiyo msingi wa takwimu nyingi zilizofuata.

Tuje kwenye kazi ambayo namba haziwezi kuifanya zenyewe. Dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu), lina maswali tisa. Kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na mara nyingi 10 ndiyo huchukuliwa kuwa mpaka. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa nchini, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na anayelishusha Kibirizi, kwa wavuvi, bila kuuliza watu wa Kibirizi wanaishi vipi. Swali la tatu linahusu usingizi katika wiki mbili zilizopita. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa anapumzika. Wiki zako mbili zikiangukia gizani, huyu bwana hakulala usiku karibu wote. Zikiangukia mbalamwezi, analala kama mtoto mchanga. Mtu mmoja, alama mbili, ugonjwa hakuna. Swali la saba linaulizia shida ya kutulia kwenye mambo kama kusoma gazeti au kutazama televisheni, na bibi wa Buhigwe asiyesoma gazeti atajibu "hapana, sina shida hiyo" kwa ukweli kabisa. Swali la nane limebeba mambo mawili yanayopingana, kwenda taratibu mno na kutotulia kabisa, ndani ya jibu moja.

Hitilafu hizi huzioni kwenye jedwali. Unaziona ukikaa na watu kumi, ukawasomea swali, ukawaambia: "Niambie kwa maneno yako swali hili linauliza nini, kisha niambie umelijibuje." Dakika 40 kwa mtu, watu kumi, siku tatu. Anayeruka hatua hii kwa kubana bajeti huishia kuhoji watu 400 kwa swali ambalo kila mmoja amelielewa kivyake.

Mifano mikubwa iko jirani. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Paul Bolton na wenzake hawakuanza na dodoso. Walianza kwa kuwauliza wanavijiji majina ya matatizo yaliyowapata watu tangu vita. Yakatoka mawili yenye uzito: guhahamuka, yaani hali ya kiwewe, na agahinda gakabije, yaani huzuni iliyovuka mpaka, ambayo ilikaribiana na sonona ya vitabuni bila kufanana nayo kabisa. Kipimo kilifuata baadaye, utafiti ukachapishwa 2001. Zimbabwe ilikuwa hivyo hivyo. Neno la Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, lilitoka vinywani mwa watu, likaingia kwenye dodoso la dalili lililotungwa kwa Kishona katika miaka ya 1990, na dodoso hilo likatumika kuchuja wagonjwa katika mpango wa mabenchi ambao daktari wa akili Dixon Chibanda aliuanzisha Harare mwaka 2006, ambapo kina mama wa makamo na mabibi huketi na mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Jaribio la kitabibu la mpango huo, lenye makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu, lilitoka 2016 na matokeo yalikuwa mazuri. Nenda kinyumenyume kutoka kwenye jaribio hilo na utakuta mwanzoni kabisa kuna mtu aliyesikiliza neno na kuliandika lilivyo.

Kwa Kigoma, hatua ya kwanza ningeipanga hivi. Watu 25 hadi 30, wanawake na wanaume, kutoka maeneo matatu yasiyofanana: mji au Ujiji, kijiji cha ziwani, na kijiji cha juu, tuseme upande wa Kasulu au Buhigwe. Swali ni moja: "Watu wa hapa wanasumbuliwa na matatizo gani?" Halafu kila anaponyamaza, "Na lingine?" Angalau mara tatu. Karatasi ina safu mbili, jina la tatizo kama lilivyotamkwa, na maelezo ya sentensi moja au mbili. Akisema "kichwa kimejaa", andika kichwa kimejaa. Ukiandika "msongo wa mawazo" umeshaanza kuchambua kabla hujakusanya.

Majibu ya kwanza yatakuwa maji, barabara, bei ya mbolea, na kwa wavuvi, kufungwa kwa ziwa. Wakusanya data wapya hukata hapo wakisema "mimi nauliza ya saikolojia." Usikate. Mtu akishayatoa ya nje ndipo hufika ya ndani, na mara nyingi huyafunga kwa kamba moja: mbolea ilipanda, mume akaondoka, usingizi ukakata. Kamba hiyo ndiyo unayoitafuta.

Ukishahesabu majina yaliyorudiwa sana, peleka manne au matano kwa watu 10 hadi 15 ambao wengine huwaendea wakiwa na shida: mkunga, mganga wa jadi, shehe, mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Waulize mwenye hali hii mnamtambuaje, imeanzaje, mnamfanyia nini, na akipona mnajuaje. Swali la mwisho husahauliwa, nalo ndilo litakalokupa kipimo cha nafuu. Wakikuambia kuwa mtu aliyepona "anarudi kusalimia watu" au "anafagia uwanja wake", hivyo ni vipengele viwili vya dodoso, na hakuna kitabu cha Boston ambacho kingekupa.

Kuna maneno ya kuangaliwa kwa jicho kali. "Moyo" na "roho" hazibadilishani nafasi. Moyo unaouma mara nyingi ni huzuni, na wakati mwingine ni kifua kweli. Roho inayouma huweza kubeba majuto au wivu, na "roho mbaya" si ugonjwa hata kidogo. "Presha" inaweza kuwa shinikizo la damu lililopimwa zahanati, au hofu, au vyote viwili, na hujui mpaka uulize "presha hiyo ulipimwa?" Vijana watakuambia wana "stresi". "Msongo wa mawazo" ni neno zuri lakini limesambazwa na redio na mabango ya kliniki, kwa hiyo ukiliuliza unarudishiwa bango. Na "sonona" ni neno la wataalamu. Wapo watu wengi wenye sonona ambao hawajawahi kulitamka.

Hapo ndipo ninapotilia shaka ibada yetu ya kutafsiri na kurudisha tafsiri. Mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili, mwingine anarudisha, zikilingana tunafurahi. Lakini wote wawili wamesoma vyuo vile vile. "Sonona" itaenda na kurudi bila mkwaruzo, na bado kijijini Heru Juu hakuna aliyeelewa. Ulinganifu huo unathibitisha tu kwamba watafsiri wawili wana kamusi moja.

Mahojiano yenyewe nitayapitia haraka kwa kuwa yana vitabu vingi. Mwongozo wa maswali manane hadi kumi unatosha. Wa maswali 25 ni dodoso lililovaa kanzu. Dakika 45 hadi 90. Usianze na "unajisikiaje?" kwa sababu adabu yetu imeshalijibu swali hilo: nzuri. Mtu husema "nzuri tu, ila mtoto kalazwa Maweni." Habari yote iko baada ya "ila", na "ila" haiji mpaka umempa nafasi. Anza na "nisimulie siku yako ya jana tangu ulipoamka." Punguza "kwa nini", inasikika kama polisi au mwalimu wa zamu. "Ilikuwaje?" hupata yale yale bila kumweka mtu kizimbani. Na mpakani na Burundi, kuanzia Manyovu na kuendelea, usifungue kwa "ulizaliwa wapi?" Swali hilo lina harufu ya uhamiaji, na likishatoka, saa nzima inayofuata utapewa majibu ya mtu anayejitetea.

Usifanyie ofisi ya kijiji. Mtendaji akikukaribisha chumba chake, shukuru na uombe kivuli cha mwembe. Rekodi kwa simu iliyozimwa mtandao, sauti ya njia moja, biti 16, sampuli 16,000 kwa sekunde. Faili lisilobanwa la saa moja litakuwa takriban MB 115, simu ya kawaida inabeba. Upepo wa ziwa mchana unaua sauti. Soksi nyembamba juu ya kipaza sauti inasaidia, kukaa upande wa pili wa nyumba kunasaidia zaidi. Mvua ikianza juu ya bati, simamisha. Utadhani unasikia vizuri kwa kuwa sikio lako linachuja, kinasa hakichuji.

Sasa unukuzi, mahali ambapo tasnifu nyingi hufa kimyakimya. Saa moja ya sauti safi ya watu wawili hula saa nne hadi sita za mnukuzi mzoefu. Majadiliano ya kikundi hula zaidi, maana nusu ya muda unatafuta nani kasema nini. Mahojiano 20 ya saa moja ni kama saa 100 za kazi, yaani wiki mbili na nusu za mtu mmoja asiyefanya kingine. Nikiona bajeti imetenga siku nne, najua kitakachofanyika: mnukuzi atasikiliza kwa Kiswahili na kuandika moja kwa moja kwa Kiingereza, akifupisha. Kazi mbili kwa malipo ya moja, na sauti asilia haitafunguliwa tena.

Kwenye njia hiyo ya mkato vinapotea vitu vinavyoweza kuorodheshwa. Kiswahili hakina jinsia kwenye kiambishi, "alimpiga" haisemi nani mwanamume. Kiingereza kinalazimisha kuchagua, na mnukuzi atachagua mazoea yake. "Ameachwa" na "ameachika" si sawa: la kwanza lina mtu aliyeacha, la pili ni hali, na mwanamke anayechagua moja badala ya lingine anakuambia kitu kuhusu lawama. "Nilifiwa" ni tukio la jana au juzi. "Nimefiwa" ni hali anayoishi nayo, na mtu anayesema "nimefiwa" miaka minne baada ya msiba amekupa data ya muda ambayo hakuna swali la dodoso lingeitoa. Kisha kuna "mtu". "Mtu unafika mahali unaona bora usiwepo." Nani huyo? Kwa kawaida ni msemaji mwenyewe aliyejificha nyuma ya neno. Tafsiri ikimfanya "watu fulani", umepoteza kauli ya hatari katika mahojiano yote.

Na sauti zisizo maneno. "Mhm" ni ndiyo. "Mh-mh" kwa kushuka ni hapana. Mnukuzi asiyepewa kanuni ataziandika zote "mmh" na jibu litageuka juu chini. Tengeneza ukurasa mmoja wa kanuni kabla ya kuanza: namna ya kuandika ndiyo na hapana za puani, kufyonza, kicheko, kimya kinachozidi sekunde tatu kiandikwe kwa idadi ya sekunde, neno lisilosikika liwekwe dakika yake. Kisha msikilizaji wa pili apitie dakika tano za kila rekodi, zichaguliwe kwa bahati nasibu, ahesabu makosa. Makosa yanayobadilisha maana yakizidi mawili au matatu, rekodi nzima inarudiwa.

Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, kina tatizo lake. Mzee wa Kasulu ataanza kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni, na habari ikifika pazito atahamia Kiha. Mkalimani aliyeketi pembeni atasikiliza dakika mbili kisha aseme, "anasema ana huzuni." Ni heri usiwe na mkalimani. Mtu anayehoji awe mwenye lugha, umfundishe mbinu kwa wiki moja. Kumfundisha Mha kuhoji ni kazi ya siku tano, kumfundisha mtu wa chuo Kiha ni ya miaka. Nakili Kiha kwanza, kwa tahajia mliyokubaliana, hata orodha ya maneno 50 tu, ndipo Kiswahili kiwekwe safu ya pili. Na kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, Kirundi na Kiswahili cha Kongo hukaa kaya kwa kaya, kwa hiyo "Kiswahili" peke yake kwenye fomu si taarifa ya kutosha. Kiswahili cha upande ule wa ziwa kina maneno yanayofanana na yetu kwa sura na kutofautiana kwa maana.

Kuchambua, basi. Njia iliyoenea kuliko zote ni uchambuzi wa dhamira wa Virginia Braun na Victoria Clarke, uliotangazwa 2006 ukiwa na hatua sita: kuzoea data, kuweka misimbo, kuunda dhamira, kuzipitia, kuzipa majina, kuandika. Imeenea kwa kuwa ni rahisi kueleza, na ndiyo sababu inavurugwa. Kosa la kienyeji kabisa ni hili: utafiti una malengo mahususi matatu, na mwishoni dhamira ni tatu, zenye majina yale yale. "Visababishi." "Changamoto." "Mapendekezo." Hizo si dhamira, ni vichwa vya mwongozo wa maswali vilivyorudi nyumbani. Dhamira ni sentensi inayodai jambo. "Mawazo ni mgeni asiyefukuzika" ni dhamira: inasema kitu, inaweza kupingwa, na unaweza kuonyesha mahojiano gani yanaiunga mkono na gani yanaikataa. Jipime kwa kuuliza kama mtu angeweza kuandika jina la dhamira yako kabla ya kwenda uwandani. Kama angeweza, hukuhitaji nauli.

Kosa la pili ni kuchanganya madhehebu. Mtu anatangaza anafuata fenomenolojia, inayodai kuzama katika uzoefu wa mtu mmoja mmoja, kisha anafanya vikundi vinane vya watu wanane. Mwingine anafuata Braun na Clarke, wanaosema wazi kwamba usomaji wa mtafiti ni nyenzo ya kazi, halafu anakokotoa kipimo cha ulinganifu wa wawekamisimbo wawili ili aonekane mwanasayansi. Kila moja peke yake ina mantiki. Pamoja ni kama kupika ugali na kuuchuja.

Kuna msimbo mmoja ambao ningeupiga marufuku kwa mwaka mzima: "ustahimilivu" uliobandikwa kwenye "tunamshukuru Mungu". Nimeuona mara nyingi mno katika ripoti. Msemo huo una kazi angalau tatu. Huweza kuwa imani na nguvu kweli. Huweza kuwa adabu ya kumaliza maneno. Huweza kuwa mlango unaofungwa taratibu: usiniulize zaidi. Utajua kwa kusoma mistari mitano ya juu na mitano ya chini, na kwa kusikiliza tena sauti. Ukifuatwa na kimya cha sekunde sita, huo ni mlango.

Mtu ataniuliza idadi ya mahojiano yanayotosha. Takwimu inayonukuliwa kuliko zote ni 12, kutoka kwa Guest, Bunce na Johnson, 2006. Waliotumia namba hiyo wengi hawakusoma kwamba walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, watu wa mazingira yanayokaribiana, maswali yale yale, na swali lao halikuwa pana. Ukihoji wavuvi, wakulima wa kahawa wa milimani na wakimbizi katika utafiti mmoja, 12 yako ni nne nne nne. Afadhali wazo la Malterud na wenzake la 2016: kadiri lengo lilivyo jembamba, wahojiwa walivyo na ujuzi mahususi, na mazungumzo yalivyo na kina, ndivyo unavyohitaji watu wachache. Mahojiano tisa yaliyonukuliwa vizuri kwa lugha yake yanashinda 40 ya muhtasari.

Kibali ni mlolongo: kamati ya maadili ya chuo au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa) kwa mambo ya afya, katibu tawala wa mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, wa kijiji, na kwa makambi ya wakimbizi Wizara ya Mambo ya Ndani pia. Weka wiki kadhaa za akiba. Lakini maadili magumu huanza baada ya mihuri. Swali la mawazo ya kujiua haliulizwi mpaka ujue utampeleka nani, kwa usafiri gani, saa hiyo hiyo. Na kwa kuwa Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, maelezo ya jaribio yenye jina la kijiji ni hatari kwa aliyekuamini. Kubadilisha jina hakutoshi. "Mwalimu mkuu wa kike, mjane, kijiji cha ziwani" ni mtu mmoja tu, na kila abiria wa daladala ya huko anamjua. Ondoa cheo, au ondoa ujane, au panua kijiji kuwa wilaya. Kambini kuna hili la ziada: watu hudhani mahojiano yanahusu mgao au safari ya nchi ya tatu. Ridhaa inayosomwa mwanzoni tu haitoshi. Rudia katikati, rudia mwisho, mwulize yeye akueleze utafiti huu utampa nini. Akijibu "mtanisaidia kuondoka", simamisha.

Miaka ijayo watu wanaizungumzia kwa jina la mashine. Programu ya Whisper, iliyotolewa 2022, inaandika Kiswahili kutoka kwenye sauti, na inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Ni msaada mkubwa ikiwa utaitumia kama rasimu. Kiha hakimo. Kwenye ukimya mrefu mashine za aina hii huweza kubuni maneno ambayo hayakusemwa, na kwetu ukimya ndio unaobeba uzito. Hizo "mh-mh" nazo hufutwa kama takataka. Ipime hivi: dakika kumi, nukuu kwa mkono, linganisha, hesabu maneno yaliyokosewa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, gawa kwa jumla ya maneno. Ukipata zaidi ya neno moja katika matano, kusahihisha kutakuchosha kuliko kuandika upya. Kupakia sauti za wagonjwa kwenye huduma iliyo nje ya nchi ni suala jingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na ina masharti ya kuzisafirisha nje.

Mashine za akili bandia zinazoandika, zikiombwa ziweke misimbo, zinakupa unyanyapaa, ustahimilivu, mbinu za kukabiliana, kwa kila kundi, kila mkoa. Hazidanganyi. Zinarudisha wastani wa makala zilizofunzwa kwazo, ambazo nyingi hazikuandikwa kwa Kiswahili. Zinaweza kukusaidia kama mpinzani: maliza misimbo yako, kisha iulize mashine yake, uangalie ni wapi imeona kitu ulichokiruka. Kwa mpangilio huo tu.

Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kimeshatoa, tangu 2018, viwango vya kuandika ripoti za kimaelezo, na majarida mengi hudai orodha ya vipengele 32 iitwayo COREQ ya mwaka 2007. Naviona vitu hivi kwa jicho zuri, ila hakuna kipengele kinachonilazimisha kuonyesha maneno kwa lugha yaliyotamkwa nayo. Kwa hiyo tujilazimishe wenyewe, kwa jambo dogo ambalo idara yoyote ya chuo, iwe Kigoma, Tabora au Dodoma, inaweza kuliandika kwenye mwongozo wake wa tasnifu mwaka huu: kila nukuu iwe na safu mbili, kushoto lugha ya msemaji, Kiha au Kirundi au Kiswahili, kulia tafsiri, na chini yake dakika na sekunde ya rekodi. Mtahini anayejua lugha atatazama kushoto, asiyejua atatazama kulia. Na mwanafunzi, akijua kwamba kushoto patasomwa, hataandika kwamba mjane ameshindwa kudhibiti fikra zake wakati pembeni yake pameandikwa "mawazo yamenizidi".